Deni la Uzio

Kila mtoto aliyepita chuoni kwetu Lamu anakijua kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Alimfungia mpaka akafa. Bukhari na Muslim wamekipokea kisa hicho, na maalimu wetu alitukumbusha kila alipomwona mtoto amemfunga kunguru mguu kwa uzi. Tulichoshika sisi watoto ni njaa: mwanamke yule alikuwa na roho mbaya, hakumpa paka chakula. Lakini hadithi yenyewe inataja mambo mawili. Hakumlisha wala kumnywesha alipomfungia, na wala hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini. Lau angeuacha mlango wazi, njaa ya paka yule isingekuwa juu yake. Mji wa Lamu umejaa paka. Wanalala barazani, wanangoja vichwa vya samaki gatini, na hakuna mwenye nyumba atakayeulizwa habari ya kila mmoja wao. Mwanamke yule aliulizwa kwa sababu alifunga mlango.

Hakuna hadithi niliyoifikiria zaidi ya hiyo tangu nianze kazi niliyo nayo sasa. Naangalia afya ya kundi la mbwa mwitu wanaoishi ndani ya uzio, kaskazini mwa Minnesota, Marekani, si mbali na mpaka wa Kanada. Nilianza na punda kwetu, katika mji ambao punda wana hospitali yao tangu 1987. Nikasomea ufundi wa tiba ya wanyama, kisha ndoa ikanileta huku kwenye baridi. Kituo chetu ni kidogo. Mbwa mwitu wetu hawakukamatwa porini. Wamezaliwa kifungoni na kulelewa kwa chupa. Mtoto huondolewa kwa mama yake akiwa na siku kumi au kumi na nne hivi, macho yanaanza tu kufunguka, kwa sababu akichelewa wiki chache hatamzoea tena mwanadamu maisha yake yote, na kila atakapohitaji kutibiwa atajipigiza kwenye waya mpaka aumie. Kwa wiki nyingi kuna mtu analala naye usiku na kushinda naye mchana. Tunafanya hivyo kwa faida yake. Na kwa kufanya hivyo tunamnyima kitu ambacho hatuwezi kumrudishia: mbwa mwitu asiyemwogopa mtu hawezi kuachiwa porini. Ataingia shambani, atasogea nyumbani kwa watu, atapigwa risasi. Ile njia ya pili iliyotajwa katika hadithi, ya kumwacha mnyama akajitafutie, tunaifunga sisi wenyewe, kwa makusudi, kabla mtoto hajaona vizuri.

Kwa hiyo swali langu halihusu kama tuwalishe. Wanalishwa, na wanakula vizuri: kulungu waliogongwa na magari barabarani, biva (mnyama wa mitoni wa huku), kuku wazima, mifupa na ngozi na matumbo. Ninachouliza ni kama deni la aliyefunga mlango linaishia kwenye chakula.

Ami yangu, ndugu wa baba, ni mtu wa vitabu. Aliposikia kazi yangu hakuniuliza mshahara, aliniuliza ninavyosali.

"Wanakulamba?"

"Wananilamba, Ami. Mdomoni na usoni hasa. Ndiyo salamu yao."

Akanyamaza, na nilijua anapitia wapi. Sisi Mashafii, mbwa akikulamba unaosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kisha akasema, "Huyo si mbwa, mwanangu. Wanavyuoni wamesema kila mnyama aliye hai ni tohara, ila mbwa na nguruwe na kinachozaliwa na mmoja wao. Mbwa mwitu hayumo humo. Osha uso wako kwa ajili ya usafi, usali."

Nilifarijika sana, kwani nilikuwa nimeanza kuweka chombo cha udongo bafuni. Lakini Ami hakuwa amemaliza. "Sasa niambie," akasema, "mmewafungia kitu gani?"

Nikampa jibu tunalowapa wageni: kwamba mtu aliyemwona mbwa mwitu kwa macho yake hamchukii kwa hadithi za kusikia. Jibu hilo ni la kweli. Wamarekani waliwaua mbwa mwitu kwa bunduki, mitego na sumu mpaka, ukiacha Alaska, wakabaki karibu wote katika pembe hii ya Minnesota. Leo katika jimbo hili wamepita 2,000, na wamerudi kwa sababu watu walibadilisha fikra zao, wakabadilisha na sheria. Tangu zama za Nabii Yusuf mbwa mwitu anasingiziwa damu ambayo hakuimwaga. Ila Ami hakuwa ameuliza faida wanayopata watu. Alikuwa akiuliza wao wanapata nini, na hilo sikuweza kulijibu siku ile.

Mbwa mwitu aliye huru ana dawa moja kubwa, nayo ni kuondoka. Kundi la porini ni familia: baba, mama, na watoto wa mwaka huu, wa mwaka jana na pengine wa mwaka juzi. Kijana akifikisha mwaka mmoja, miwili au mitatu, huaga. Anakwenda mamia ya kilomita kutafuta mwenzake na ardhi yake. Eneo la kundi moja hapa Minnesota huweza kupita kilomita za mraba 100, na ndani yake mna nafasi ya kutosha kununa, kujificha, kukaa kando siku tatu na kurudi hasira zikiwa zimepoa. Ugomvi mwingi huisha kwa miguu.

Ukifunga uzio, dawa hiyo umeiondoa. Mwaka 1947 mtaalamu mmoja wa Uswisi, Rudolf Schenkel, alichapisha utafiti juu ya mbwa mwitu wa bustani ya wanyama ya Basel, ambako hadi kumi waliwekwa pamoja katika eneo la mita 10 kwa 20. Aliona vita visivyokwisha vya nani mkubwa na nani mdogo, akaandika alichokiona. Dunia ikapokea kwamba hiyo ndiyo tabia ya mbwa mwitu: dume la juu, jike la juu, na wengine wote chini yao kwa meno. L. David Mech, mtaalamu anayejulikana kuliko wote na ndiye mwanzilishi wa kituo cha kimataifa cha mbwa mwitu kilichofungua milango yake Ely, Minnesota, mwaka 1993, aliyaingiza mawazo hayo katika kitabu chake cha 1970. Kisha akaenda kukaa na kundi la porini kwenye kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, kiangazi baada ya kiangazi. Mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la kweli ni wazazi na watoto wao, na akawa anamwomba mchapishaji aache kukichapa kitabu kilekile kilichompa jina. Namheshimu sana kwa hilo. Alichokiona Schenkel kilikuwa kweli, lakini kilikuwa kweli ya wafungwa.

Mimi nafanya kazi na wafungwa. Ya Ellesmere nayasoma tu. Ya Basel yanaweza kunitokea asubuhi yoyote.

Katika kundi letu alikuwapo jike mzee ambaye mimi nilimwita Shangazi. Alikuwa wa kijivu, uso umeshaanza kuwa mweupe, na alikuwa na desturi ya kuwapitia wenzake wote asubuhi, mmoja mmoja, akiwanusa midomo kabla hajaja kwetu. Januari mpaka Machi ndiyo majira yao ya kutafuta wenza, na hata wale waliohasiwa damu huwachemka kidogo. Februari moja, jike kijana alianza kumwekea Shangazi shingo mgongoni. Likawa jambo la kila siku. Halafu akawa anasimama kati yake na mzoga. Halafu tukaona damu kwenye manyoya ya nyuma, karibu na shina la mkia, pale ambapo anayekimbia huumwa. Shangazi akaanza kukaa juu ya paa la kibanda, ambako aliweza kuona pande zote, na kula baada ya wengine wote kulala. Porini angekuwa ameshaondoka wiki mbili kabla. Hapa alitembea mpaka kwenye waya, akageuka, akarudi.

Wenzangu waligawanyika. Wako waliosema tuwaache, ndiyo maumbile yao, wataelewana wenyewe. Mimi nilikataa, na hoja niliyokuwa nayo niliipata mahali ambapo wao wasingetafuta. Izz al-Din ibn Abd al-Salam, mwanachuoni wa Kishafii wa Damascus na Cairo aliyefariki mwaka 1262, ameandika katika kitabu chake cha misingi ya hukumu haki za mnyama juu ya mwenye kummiliki. Amlishe, hata kama amezeeka au ameugua ugonjwa ambao hatafaa kitu tena. Asimtwishe asiloliweza. Asimchinjie mtoto wake mbele yake. Na katikati ya haki hizo imo hii: asimchanganye na mwenye kumdhuru, awe wa jinsi yake au wa jinsi nyingine, kwa kumvunja, kumpiga pembe au kumjeruhi.

Nilipoisoma haki hiyo mara ya kwanza nilisimama. Mtu yule, bila shaka, alikuwa akifikiria ngamia na mafahali na mbuzi, pengine zizi moja nje ya Damascus. Lakini alikuwa ameona jambo ambalo wengi hawalioni mpaka leo: kwamba wanyama wawili wa jinsi moja wakidhuriana mahali ulipowaweka wewe, hilo si maumbile tena. Wewe ndiye uliyewakutanisha na wewe ndiye uliyeziba njia ya kutokea. Neno "maumbile" mdomoni mwa mwenye ufunguo ni kisingizio.

Tukamhamishia uwanja wa uzeeni, unaopakana na uwanja mkubwa kwa ukuta mmoja wa waya, na tukamhamisha pamoja na kaka yake wa tumbo moja, kwani upweke nao kwa mbwa mwitu ni maradhi. Ilichukua muda. Mbwa mwitu mwenye hofu hulala amejikunja, kichwa juu ya miguu, sikio moja limesimama. Siku nilipomkuta Shangazi amelala ubavu, miguu imenyooshwa, mdomo umefunguka kidogo, nilimwita daktari aje kuona, naye akaja na tukasimama tu pale bila kusema kitu. Uzito ukarudi. Lakini siwezi kusema deni lilikwisha. Kila jioni kundi lilipolia, Shangazi alikwenda kwenye waya na kuwaitikia, na jike kijana alikuja upande wa pili, wakalia wote wawili pua kwa pua. Alikosa kitu. Tulimpa usalama, na usalama ule ulikuwa na bei, na aliyeilipa ni yeye.

Watu hudhani kazi ya afya kwa mnyama mkali ni sindano na bunduki ya usingizi. Sindano zipo. Kuna chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo Marekani haijasajiliwa kwa mbwa mwitu na daktari huitumia ile ya mbwa kwa dhamana yake mwenyewe. Kuna dawa ya minyoo ya moyo kila mwezi wa mbu. Kiangazi nzi hukata ncha za masikio mpaka yanatoka damu, tunapaka marhamu. Lakini sehemu kubwa ni kutazama, kwa sababu mbwa mwitu huficha maumivu. Porini anayeonyesha udhaifu hupoteza nafasi yake, kwa hiyo mpaka utakapomwona anachechemea waziwazi umeshachelewa miezi.

Theluji inatusaidia. Asubuhi kabla hawajaamka vizuri nazunguka uwanja nikisoma nyayo. Mbwa mwitu mzima huweka mguu wa nyuma karibu palepale ulipokanyaga wa mbele, alama zinakwenda mstari mmoja ulionyooka. Shangazi alipoanza kupata baridi yabisi ya nyonga, niliiona kwanza kwenye theluji: kati ya nyayo za nyuma kulikuwa na michirizi miwili myembamba, kucha zinaburuta. Kwa macho alikuwa bado anatembea kama malkia. Vilevile mkojo. Theluji huonyesha damu hata tone moja, na huonyesha pia mkojo uliopauka kama maji, mwingi, mara nyingi, ambao ni habari mbaya ya figo.

Kumpa dawa ni kazi ya watu watatu. Wawili wanawashughulisha wengine kwa nyama pande nyingine za uzio, ili asiyeandikiwa dawa asiimeze. Wa tatu ana matonge matatu ya nyama ya kusaga mkononi. La kwanza halina kitu. La pili lina kidonge. La tatu analionyesha kabla la pili halijamezwa, ili kwa haraka ya kulitaka la tatu alimeze la pili bila kutafuna. Shangazi aliujua mchezo huo baada ya muda. Alikuwa akila nyama yote, halafu anainamisha kichwa na kukiweka kidonge juu ya theluji, kizima, bila alama ya jino, na kunitazama. Tukahamia kwenye maini.

Najua watakaosoma haya Lamu au Tanga watauliza swali ambalo binamu yangu aliniuliza bila kunificha: zahanati haina dawa za shinikizo la damu, na nyinyi mnampa mbwa mwitu dawa ya nyonga? Swali hilo halinichekeshi wala halinikasirishi. Linaniuma. Jibu langu ni kwamba madeni hayatoki katika mfuko mmoja. Mwenye serikali anadaiwa zahanati. Aliyefunga mlango anadaiwa na aliye ndani. Kumnyima mbwa mwitu kidonge hakukipeleki kidonge hicho Lamu. Kunaongeza tu mdai mmoja mwingine Siku ya Hesabu. Kama gharama ni kubwa, basi neno hilo lilipaswa kusemwa kabla ya kufunga uzio.

Na wakati mwingine uzio wenyewe ndio maradhi. Mwaka 2000 huko Mkomazi, Tanzania, jirani na Tsavo, kulikuwa na mradi wa kuwazalisha mbwa mwitu wa kwetu Afrika, wale wenye mabaka na masikio ya duara, kwa nia njema kabisa ya kuwarudisha porini walikokwisha. Walikuwa 52. Walikuwa wamechanjwa. Virusi vya distempa vikaingia, na ndani ya miezi miwili wakafa 49. Siandiki haya kuwalaumu waliojitolea pale; ugonjwa huohuo uliua theluthi moja ya simba wa Serengeti mwaka 1994, na wao hawakuwa ndani ya waya wowote. Lakini porini makundi yamekaa mbalimbali, na kundi moja likipata ugonjwa huenda la bonde la pili lisiupate. Mahali palipozungushiwa waya umbali huo haupo. Chanjo, karantini ya nyama tunayoletewa, viatu vya kubadilisha langoni, kinyesi kinachokusanywa na kupelekwa maabara: vyote ni kujaribu kutengeneza kwa mikono ule umbali tuliouondoa.

Wala sisemi kufungia ni haramu moja kwa moja. Mbwa mwitu wa Meksiko wangekwisha duniani kama wachache wa mwisho wasingekamatwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuzalishwa. Wote waliopo leo wametoka kwa saba tu, na mwaka 1998 wakaanza kurudishwa milima ya Arizona. Wale wanalelewa bila kumzoea mtu, kwa sababu mlango wao umefungwa kwa muda. Hapo mfungaji amefunga kwa nia ya kufungua. Kifungo kizito zaidi ni cha wa kwetu, wanaofungwa ili watu wajifunze kwao. Wao hawatoki. Wanatoa maisha yao yote kwa faida ya ndugu zao wa porini ambao hawatawaona. Mimi naamini faida hiyo ipo. Naamini pia kwamba anayetoa maisha yake yote bila kuulizwa ana haki kubwa kuliko ya kulishwa tu.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa kifo. Shangazi alipita miaka 14. Porini wachache sana hufika 10. Figo zilikuwa zinakwisha, nyonga zilikuwa zimekaza, dawa ya maumivu ilikuwa inazidi kuziumiza figo. Daktari akasema wakati umefika wa sindano ya mwisho, na akaniachia siku kadhaa nifikiri, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu naye zaidi.

Nikampigia Ami. Akaniambia nisubiri, nikasikia kiti kikisogea. Akafungua Fath al-Muin, kitabu cha Zayn al-Din al-Malibari wa pwani ya Malabar, ambacho kimesomeshwa misikitini kwetu vizazi na vizazi. Hukumu yake ni wazi: haifai kumchinja mnyama asiyeliwa, hata kwa kumpumzisha. Na mfano alioutoa mwandishi, Ami alinisomea mara mbili, ni punda asiyejiweza tena.

Nilikaa kimya muda mrefu. Punda wasiojiweza tena nimewaona wengi, nimewashika kwato zao.

"Na Mahanafi, Ami?"

"Mahanafi wameruhusu. Mnyama mgonjwa ambaye hana tena faida, wamesema hapana ubaya kumpumzisha. Lakini sisi si Mahanafi."

Nimeifikiria sana sababu ya masheikh zetu kukataza. Naona walikuwa wakimlinda punda na mwenye punda. Ukimruhusu mtu kumuua mnyama kwa jina la huruma, kesho kila mnyama aliyeacha kubeba mzigo atahurumiwa. Ibn Abd al-Salam alisema alishwe hata akiwa hafai kitu tena, na Malibari akaziba tundu ambalo mchoyo angepitia. Mimi niko upande wao wote wawili. Nimeona huku Amerika mnyama anauliwa kwa sababu mwenyewe anahama nyumba.

Ila kuna jambo ambalo punda wa Malibari hakuwa nalo. Uzee wa Shangazi ulikuwa wetu. Porini asingefika pale: angepigwa teke na musi, yule mnyama mkubwa wa pembe pana anayewindwa kwa hatari, au angeuawa na kundi jingine, au meno yangechakaa na njaa ingemmaliza kwa siku chache ndani ya barafu. Sisi tulimwondolea vifo vyote hivyo, kimoja baada ya kingine, kwa chanjo na nyama na uwanja wa uzeeni. Miaka iliyozidi tulimpa sisi, na maumivu yaliyokuja na miaka hiyo tulimpa sisi vilevile. Nikaona kwamba siwezi kumfungia mnyama milango yote ya kutoka maishani, kisha aliponitazama niseme mkono wangu umekatazwa. Mtume amefundisha kwamba hata katika kuua kuna wema: kisu kinolewe, mnyama apunguziwe taabu. Nikachukua kauli ya Mahanafi, kwa nia, nikijua ninachofanya.

Tulifanya asubuhi, kaka yake akiwa palepale, maana kumwondoa na kumrudisha akute pametupu ni ukatili. Sindano ya usingizi kwanza. Nilimfunika macho kwa kitambaa na kumshika kichwa mpaka pumzi zikawa za mbali. Daktari akafanya yake. Tukawaachia kaka yake na wale wa upande wa pili wa waya wamnuse muda walioutaka. Jike kijana alikuja, akakaa.

Ami hakukubali. Aliniuliza jambo moja tu: "Alikuwa bado anakula?" Nikamwambia alikuwa ameacha. Akasema hilo linapunguza, lakini haliifuti hukumu, na kwamba Mola ndiye ajuaye nia yangu. Bado tunaongea kila Ijumaa, na bado hatujakubaliana. Nami siombi akubali. Namtaka aendelee kuniuliza.

Basi, mimi nasema hivi. Yeyote anayeomba kibali cha kuchukua watoto wa mbwa mwitu, asiulizwe kwanza ana nyama kiasi gani. Aonyeshe uwanja wa pili, wa atakayefukuzwa na wenzake. Aonyeshe daktari aliyekubali, na fedha za dawa za miaka 15. Asiye navyo asipewe.

Na nyinyi ndugu zangu wenye punda kule Lamu: punda akishindwa kubeba mchanga na mawe msimfungulie kamba na kumwacha ale maboksi jaani, mkasema mmemwachia akajitafutie. Alipokuwa na nguvu za kujitafutia mlimfunga. Sasa hana, na mlango mliomfungulia haumfai kitu. Mrudisheni nyumbani, mpeni majani na maji na kivuli, na kidonda chake kipelekeni hospitali ya punda. Matibabu pale ni bure.